Usawa Mmoja, Mitiririko Miwili: Namna Mito ya Dar es Salaam Inavyopimwa

Basi la mwendokasi liondokalo Posta kwenda Kimara hufuata Barabara ya Morogoro, huiacha Kariakoo upande wa kushoto, huteremka bonde la Jangwani na kuvuka Mto Msimbazi kabla ya kupanda Magomeni. Siku nyingi za mwaka abiria hawana sababu ya kuutazama mto huo, kwa kuwa ni mkondo mwembamba wa maji meusi. Lakini zipo siku chache za masika na za vuli ambapo mkondo huo hupanda juu ya barabara, magari yakasimama pande zote mbili, na jiji likakatika vipande viwili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na familia nyingi zilizokuwa zikiishi mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2018 mafuriko makubwa yalirudi, na karakana ya mabasi iliyokuwa Jangwani ikaingiliwa na maji.

Maji ya mabomba katika maduka ya Kariakoo na ofisi za Posta hayatoki Msimbazi. Sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, ulio umbali wa zaidi ya kilomita 50 magharibi ya jiji, na husafishwa katika mitambo miwili: Ruvu Juu, ulioanza kazi mwaka 1959, na Ruvu Chini, ulioanza kazi mwaka 1976. Mwishoni mwa mwaka 2022 maji ya Ruvu yalipungua mno hata jiji zima likaingia katika mgao.

Basi jiji moja lina mito miwili na maswali mawili. Kwa Msimbazi twauliza: maji yatapanda hadi wapi? Kwa Ruvu twauliza: maji yaliyobaki yatatosha? Maswali haya yanaonekana kuwa kinyume, kwani moja linahusu maji mengi na lingine maji machache. Hata hivyo hujibiwa na elimu moja, nayo ni haidrolojia, yaani elimu ya mwendo wa maji katika nchi. Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna mto unavyopimwa, na hasa kueleza jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa: kwamba urefu wa maji unaosomwa kwenye ubao wa vipimo si kiasi cha maji kinachopita. Kati ya hivyo viwili pana kazi kubwa, na kazi hiyo haina mwisho.

Usawa na mtiririko

Hapana budi tuanze kwa kutenganisha maneno mawili. Usawa wa maji ni kimo cha uso wa mto kikipimwa kutoka alama maalumu iliyochaguliwa kuwa sifuri. Kipimo chake ni mita. Mtiririko ni ujazo wa maji unaopita mahali fulani katika sekunde moja. Kipimo chake ni mita za ujazo kwa sekunde.

Usawa ni rahisi kuujua. Binadamu amekuwa akiusoma kwa karne nyingi. Katika kisiwa cha Roda mjini Cairo ingali imesimama nguzo yenye vipimo iliyojengwa mwaka 861 ili kusoma kupanda kwa Mto Naili, na kwa kipimo hicho watawala walikadiria mavuno na kodi ya mwaka. Katika mito yetu chombo cha kwanza ni ubao wa vipimo, yaani rula kubwa ya chuma iliyopigiliwa kwenye nguzo ya daraja au kwenye chuma kilichosimikwa ukingoni. Mkazi wa jirani huajiriwa kuusoma asubuhi na jioni na kuandika namba katika daftari. Baadaye vilikuja vyombo vyenye boya ndani ya kisima kilichounganishwa na mto, ambapo boya likipanda na kushuka, kalamu huchora mstari kwenye karatasi inayozungushwa na saa. Siku hizi vipo pia vyombo vya elektroniki vinavyopima kanieneo ya maji kutoka chini, au vinavyotuma mawimbi ya rada kutoka darajani, kisha hupeleka namba ofisini kwa mtandao wa simu.

Vyombo vyote hivi, kuanzia nguzo ya Roda hadi rada, husoma kitu kimoja tu, nacho ni usawa. Hakuna hata kimoja kati yao kinachotwambia ni maji kiasi gani yanapita. Naye mhandisi anayejenga daraja, au mtaalamu anayegawa maji ya kunywa, anahitaji kujua hasa kiasi cha maji.

Mtiririko hupimwaje?

Kanuni ya kupima mtiririko inajulikana na kila mwanafunzi wa sekondari. Ujazo unaopita kwa sekunde ni sawa na eneo la mkato wa mto likizidishwa kwa kasi ya maji. Ugumu hautokani na kanuni bali na mto wenyewe, kwa kuwa kina chake hakilingani kutoka ukingo hadi ukingo, wala kasi yake hailingani kutoka juu hadi chini. Maji yaliyo karibu na kitanda cha mto na kingo zake huburuzwa na msuguano, na yale ya katikati karibu na uso huenda mbio.

Kwa hiyo wapimaji hunyosha kamba au waya kuvuka mto, wakaugawa upana wake katika vipande vingi. Katika kila kipande hupima kina, kisha huteremsha kifaa chenye vikombe au panga ndogo inayozungushwa na maji. Wakihesabu mizunguko kwa muda maalumu, hupata kasi. Mahali penye kina kifupi kipimo kimoja hutosha, nacho huchukuliwa kwenye sehemu ya 0.6 ya kina kutoka juu, kwa sababu kasi ya hapo hukaribia wastani wa kasi ya kipande kizima. Penye kina kirefu huchukuliwa vipimo viwili, kwenye 0.2 na 0.8 ya kina, na wastani wake hutumika. Mtiririko wa vipande vyote ukijumlishwa, hupatikana mtiririko wa mto. Katika mito mikubwa vifaa vya kisasa hufanya kazi hii kwa sauti: hupeleka mlio ndani ya maji na kupima jinsi mwangwi wake ulivyobadilika baada ya kugonga chembechembe zinazosafiri na mkondo.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni ambao mwalimu anaweza kuutumia darasani. Kijito kina upana wa mita 6. Tumepima kina kila baada ya mita moja, tukapata mita 0, 0.2, 0.4, 0.6, 0.5, 0.3 na 0. Tukihesabu maeneo ya trapeza moja baada ya nyingine, eneo la mkato ni mita za mraba 2.0. Kisha tumetupa chungwa majini, likasafiri mita 20 kwa sekunde 40. Kasi ya uso wa maji ni mita 0.5 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya uso huenda kasi kuliko wastani, tunazidisha kwa 0.85 na kupata mita 0.425 kwa sekunde. Mtiririko ni 2.0 mara 0.425, yaani mita za ujazo 0.85 kwa sekunde, au lita 850 kila sekunde.

Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini mwanafunzi atambue kwamba katika mto halisi kipimo kimoja huhitaji watu kadhaa, gari, vifaa na saa nyingi. Haiwezekani kufanya hivyo kila asubuhi na kila jioni katika kila mto wa nchi. Ndipo ilipozaliwa njia ya mkato.

Mstari wa ulinganisho

Njia hiyo ni kama ifuatavyo. Wapimaji huenda kituoni mara nyingi katika nyakati mbalimbali: maji yakiwa machache, yakiwa ya kadiri, na yakiwa mengi. Kila mara hupima mtiririko kwa taabu tuliyoieleza, na wakati huohuo husoma usawa kwenye ubao. Kila safari huwapatia nukta moja kwenye karatasi ya grafu, usawa upande mmoja na mtiririko upande wa pili. Nukta zikiwa nyingi, huchora mstari unaopita kati yake. Huo ndio mstari wa ulinganisho. Tangu hapo, msomaji wa kituo anapoandika kwamba usawa ni mita 1.2, ofisini hutazamwa mstari na kusomwa mtiririko unaolingana.

Mstari huu haujanyooka, umepinda. Katika mto mpana wenye maji yasiyo na kina kirefu, na mteremko usiobadilika, mtiririko hulingana na kina kilichopandishwa kwenye kipeo cha 5/3. Maana yake ni kwamba kina kikiongezeka maradufu, mtiririko hauongezeki maradufu tu, bali zaidi ya mara 3, kwa kuwa eneo la mkato limekua na kasi nayo imekua. Ndiyo sababu tofauti ndogo ya sentimita kwenye ubao wakati wa mafuriko huwa ni tofauti kubwa ya maji.

Hapa tunafika kwenye kiini cha makala haya. Mstari wa ulinganisho ni mapatano kati ya mpimaji na mto. Mapatano hayo husimama maadamu umbo la mto limebaki vilevile. Mto ukibadili umbo, mapatano yamevunjika, hata kama ubao ungali umesimama na namba zake zingali zinasomeka vizuri.

Msimbazi: mto unaobadili kitanda chake

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu wilayani Kisarawe, husafiri takriban kilomita 35, na huingia Bahari ya Hindi kwenye Daraja la Salenda. Eneo lote ambalo mvua yake hatimaye huteremka katika mto huo, yaani kidakio chake, lina takriban kilomita za mraba 280. Zamani sehemu kubwa ya kidakio hicho ilikuwa misitu, mashamba na majani yaliyonywa mvua. Leo mabati, saruji na lami vimefunika sehemu kubwa, na mvua huteremka kwa haraka.

Tufanye hesabu ya mfano. Mvua ya milimita 50 imenyesha juu ya kidakio chote, na sehemu moja ya tano tu, yaani milimita 10, imekimbilia mtoni. Milimita 10 juu ya kilomita za mraba 280 ni mita za ujazo 2,800,000. Maji hayo yakipita Jangwani kwa muda wa saa 6, wastani wa mtiririko ni karibu mita za ujazo 130 kwa sekunde. Mkondo ambao jana mtu aliuruka leo umekuwa mto kamili, na kesho umekwisha. Mto wa namna hii hauwezi kueleweka kwa kusomwa asubuhi na jioni, kwani kilele cha mafuriko huweza kupita usiku wa manane kati ya kusoma na kusoma. Chombo kinachoandika kila baada ya dakika chache si anasa hapa. Kikikosekana, kazi inayobaki ni ya baada ya tukio: kutafuta alama za tope kwenye kuta za nyumba na nguzo za daraja, na kuzipima kimo kabla ya mvua nyingine kuzifuta.

Tabu ya pili ni mashapo, yaani mchanga na tope linalosafirishwa na maji. Vilima vya Pugu vina udongo wa kichanga, na kila mteremko ulioachwa wazi hupeleka mchanga mtoni. Mto ufikapo Jangwani, ambapo bonde limetanuka na mteremko umelegea, mchanga huo hutuama. Chini ya daraja huzolewa kwa mashine, kisha hurudi. Kwingineko watu huchimba mchanga wa kujengea moja kwa moja kutoka mtoni, na hapo kitanda hushuka badala ya kupanda.

Tazama sasa maana yake kwa mpimaji. Tuseme wakati mstari wa ulinganisho ulipochorwa, kitanda cha mto kilikuwa kwenye sifuri ya ubao, na usawa wa mita 1.5 ulikuwa na maana ya kina cha mita 1.5. Miaka ikapita, mchanga ukajaa kwa nusu mita. Leo ubao unasema tena mita 1.5, lakini kina halisi ni mita 1.0 tu. Kwa kanuni ya 5/3 tuliyoitaja, mtiririko wa leo ni takriban nusu ya ule wa zamani. Usawa ni mmoja, mitiririko ni miwili. Anayetumia mstari wa zamani ataandika maji maradufu ya yale yaliyopita.

Kosa hilo linaweza kutazamwa kwa upande wa pili, ambao ni mchungu zaidi kwa wakazi wa bondeni. Mafuriko yaliyokuwa yakipita chini ya daraja zamani, leo kwa kiasi kilekile cha maji hupita juu yake, kwa kuwa nafasi yake imekaliwa na mchanga. Wananchi husema mvua za siku hizi ni kubwa kuliko za zamani. Huenda ni kweli, huenda mvua ni ileile na kilichobadilika ni paa na lami, na huenda ni kitanda cha mto kilichopanda. Sababu hizi tatu zinadai tiba tatu tofauti, na ubao peke yake hauwezi kuzitenganisha. Vipimo vya mvua, vya mtiririko na vya umbo la kitanda, vikiwekwa pamoja, ndivyo vinavyoweza.

Tabu ya tatu ni bahari. Wakazi wa pwani wanajua bamvua na maji mafu. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Dar es Salaam huzidi mita 3. Bahari ikijaa, maji ya mto hayapati pa kwenda, hivyo husimama na kurudi nyuma bondeni. Mahali panapofikiwa na bahari mstari mmoja wa ulinganisho haufai kabisa, kwani usawa uleule huweza kuwa wa mto unaokimbia au wa mto uliozuiwa. Ama kituo huwekwa juu zaidi, mahali ambapo bahari haifiki, ama husomwa usawa wa mahali pawili ili kujua mteremko wa uso wa maji.

Mambo haya si ya wataalamu peke yao. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusu pamoja na mengine kuinua daraja la Jangwani na kuhamisha watu kutoka sehemu zilizo hatarini. Kimo cha daraja hutokana na makadirio ya mtiririko. Mpaka wa eneo la hatari kwenye ramani hutokana na makadirio hayohayo. Mtu ambaye nyumba yake imo ndani ya mstari ataondoka, na jirani yake aliye nje ya mstari atabaki. Basi nyuma ya hatima ya familia mbili ipo namba moja, na nyuma ya namba hiyo upo upimaji wa mto, uliofanywa vizuri au vibaya.

Ruvu: kupima maji machache

Mto Ruvu una tabia nyingine. Chanzo chake ni milima ya Uluguru, ambako miteremko ya mashariki hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam hupata takriban 1,100. Hupokea mito ya Mgeta na Ngerengere kabla ya kufika Mlandizi na hatimaye kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Ni mto mrefu na wa taratibu, na mafuriko yake hupanda kwa siku, si kwa saa.

Kituo chake kinachojulikana sana kipo kwenye daraja la Barabara ya Morogoro, nacho huandikwa 1H8. Tarakimu ya 1 huonyesha kwamba mto unaelekea Bahari ya Hindi, na herufi H ni ya Ruvu. Usimamizi umo mikononi mwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, mojawapo ya mabonde 9 ambamo nchi yetu imegawanywa kwa ajili ya kusimamia maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 huweka utaratibu wa vibali: anayetaka kuchukua maji mtoni, awe mkulima, kiwanda au mamlaka ya maji, hupewa kiasi chake.

Mtambo wa Ruvu Juu una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini lita milioni 270. Jumla ni lita milioni 466. Mwanafunzi agawe mita za ujazo 466,000 kwa sekunde 86,400 za siku, atapata karibu mita za ujazo 5.4 kwa sekunde. Ni kiasi kidogo ukilinganisha na mafuriko ya mfano tuliyoyahesabu Jangwani, lakini lazima kipatikane kila sekunde, mchana na usiku, Januari na Oktoba. Isitoshe, maji ya Ruvu Chini hapana budi kwanza yapite mbele ya Ruvu Juu na mbele ya pampu zote za wakulima zilizo kati yao.

Kipimo cha maji machache kina matatizo yake. Wakati wa kiangazi mkondo hujikunyata katikati ya mchanga mpana na kuhama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Huweza kutokea ubao ukasimama pakavu huku maji yakipita upande wa pili. Mstari wa ulinganisho, ambao sehemu yake ya juu hukosa uhakika kwa sababu si rahisi kupima katikati ya mafuriko yenye magogo, sehemu yake ya chini nayo hukosa uhakika kwa sababu sentimita chache za mchanga hubadili kila kitu. Hivyo mstari huwa imara katikati, kwenye siku za kawaida, na dhaifu kwenye ncha zake mbili, yaani siku zile hasa tunazouhitaji. Dawa yake ni moja: kwenda mtoni siku hizo na kupima upya. Kituo kisichotembelewa na wapimaji wakati wa ukame na wakati wa mafuriko ni kama mizani ya sokoni isiyohakikiwa. Inaonyesha namba, lakini hakuna ajuaye uzito.

Thamani ya kumbukumbu ndefu

Kipimo kimoja cha mto hakina faida kubwa. Faida hutokana na vipimo vingi vilivyofuatana bila kukatika. Mfano bora nchini mwetu unatoka mbali kidogo na Dar es Salaam, katika Mto Ruaha Mkuu. Kituo cha Msembe, kilichomo katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kimekuwa na kumbukumbu tangu miaka ya 1960. Kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba mto ulitiririka hata wakati wa kiangazi, na kwamba tangu miaka ya mwanzo ya 1990 ulianza kukauka kabisa kwa majuma kadhaa kila mwaka. Kama zisingekuwapo namba za miaka 30 iliyotangulia, mtu angeweza kudai kwamba ndivyo mto ulivyokuwa siku zote, wala asiwepo wa kumpinga. Kwa namba hizo mjadala ukahamia kwenye swali lenye manufaa zaidi, nalo ni matumizi ya maji katika nyanda za Usangu zilizo juu ya mto.

Kumbukumbu ndefu ndiyo pia inayotuwezesha kusema juu ya mafuriko ambayo hayajatokea. Husikika mara nyingi maneno “mafuriko ya miaka 100”, na wengi hufahamu kwamba yakishatokea hayatarudi kwa karne nzima. Sivyo. Maana yake ni kwamba katika kila mwaka uwezekano wa kutokea kwake ni 1 katika 100. Mwalimu wa hisabati aweza kuonyesha kwamba uwezekano wa daraja kupita miaka 30 bila kuyapata ni 0.99 iliyopandishwa kwenye kipeo cha 30, yaani karibu 0.74. Basi uwezekano wa kuyapata angalau mara moja ni takriban asilimia 26, zaidi ya mara moja katika nne. Na hesabu hiyo yenyewe huchukulia kwamba kidakio hakijabadilika. Kidakio kikijengwa nyumba, mafuriko yaliyokuwa ya miaka 100 huweza kuwa ya miaka 20.

Kwa masikitiko, kumbukumbu za vituo vingi nchini zina mapengo, hasa ya miaka ya 1980 na 1990, wakati fedha za kuvitunza zilipokuwa haba. Pengo la namna hiyo halizibiki baadaye. Shule iliyobomoka hujengwa tena, na barabara iliyokatika hutengenezwa, lakini maji yaliyopita darajani mwaka ule bila kupimwa hayarudi kupimwa.

Kazi kwa shule

Mwalimu wa jiografia, fizikia au hisabati anaweza kuwaanzishia wanafunzi kazi hii kwa gharama ndogo. Achague kijito au mtaro wenye maji safi kiasi, mahali ambapo wanafunzi husimama darajani au kwenye kingo imara. Asichague Msimbazi kwa kazi ya kuingia majini, kwani maji yake ni machafu, na asikubali mwanafunzi yeyote akaribie mto wowote uliofurika.

Kwanza, rula ichorwe kwa rangi kwenye ukuta wa daraja, na sifuri yake ipimwe kutoka kwenye alama ya kudumu iliyo mbali na maji, kama vile ngazi ya jengo la saruji. Mafuriko yakiifuta rula, alama hiyo itawezesha kuirudisha mahali palepale. Pili, usawa usomwe kila siku kwa saa ileile, na mvua ipimwe kwa chupa iliyonyooka yenye mdomo mpana sawa na kitako chake. Tatu, mara moja kila juma mtiririko upimwe kwa chungwa kama tulivyoeleza, na nukta iwekwe kwenye grafu. Baada ya muhula mmoja mstari utaanza kuonekana. Baada ya mvua kubwa wapime tena, waangalie kama nukta mpya imeangukia kwenye mstari au nje yake. Ikiangukia nje, wasiifute. Waende wakatazame kitanda cha kijito, kwani huenda kimehama.

Daftari la kazi hiyo liachiwe darasa litakalofuata, nalo liliachie jingine. Wanafunzi watakaolipokea baada ya miaka 10 watakuwa na kitu ambacho fedha haiwezi kukinunua siku hiyo: namba za miaka 10 za kijito chao. Na siku watakapopita Jangwani wakaona ubao wa vipimo umesimama majini, hawataishia kuuliza maji yamefika namba gani. Watauliza pia ni lini mto ulipimwa mara ya mwisho.